Kurusha Uwanja wa Mji Mubashara Kutoka Dirishani Kwako: Mwongozo Kamili

Mzanzibari aliyeko Muscat au London akitaka kujua kama mvua imenyesha Michenzani, humpigia simu ndugu yake. Kamera moja iliyowekwa dirishani na kurusha picha mubashara ingemjibu bila kumsumbua mtu: angeona lami imelowa, daladala zimewasha taa, wauzaji wamefunika meza zao kwa nailoni. Vifaa vya kazi hiyo vinapatikana katika maduka ya kamera za ulinzi, na kuviunganisha si kazi ya kumtisha aliyewahi kufunga ruta nyumbani kwake. Panapohitaji kufikiri sana ni kwingine. Uwanja una watu, na watu hao hawakukuomba uwarushe. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga juu ya sharti moja, linaloanza kabla kamera haijanunuliwa: mtazamaji auone uwanja, asimtambue mtu.

Mfano wangu ni Michenzani kwa sababu mahali hapa panafaa kuliko pengi ninapopafahamu. Majumba marefu yaliyojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yanakutana kwenye mzunguko wa barabara, na karibu yake upo mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi, wa mwaka 2014. Familia zinaishi juu ya uwanja wenyewe. Anayekaa Arusha karibu na Mnara wa Saa, au Mombasa juu ya barabara yenye shughuli, abadilishe majina tu. Hesabu ni zile zile.

Hesabu ya sura kwanza, duka baadaye

Wengi huanza kwa kuuliza kamera gani ina picha kali zaidi. Kwa kamera ya uwanja swali hilo limegeuzwa. Viwango vya Ulaya vya kamera za ulinzi, EN 62676-4 toleo la mwaka 2015, vinasema kwamba ili kumtambua mtu usiyemjua unahitaji pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana, na kwa mtu unayemjua 125. Mlinzi wa benki huzitafuta namba hizo. Wewe kaa mbali nazo. Mpaka wangu ni pikseli 40 kwa mita, wala sioni sababu ya kuuvuka.

Namna ya kupiga hesabu ni rahisi ukichagua lenzi yenye pembe ya nyuzi 90, kwa sababu hapo upana wa eneo ni mara mbili ya umbali. Kitu kilicho mita 40 kutoka dirishani kiko katika eneo la upana wa mita 80. Picha ya 720p ina pikseli 1,280 kwa upana. Gawa kwa 80, unapata 16 kwa mita. Uso mzima wa mtu unaingia katika pikseli mbili au tatu: unaona kanzu nyeupe inavuka barabara, hujui ni ya nani. Kwa 1080p unapata 24, bado ni salama. Kwa 4K unapata 48, na mpaka umeshauvuka. Ndiyo maana sishauri 4K kwa kazi hii hata ukipewa bure.

Sasa igeuze hesabu. Kwa 720p na lenzi hiyo, pikseli 40 kwa mita zinafikiwa mita 16 kutoka kwenye kamera. Chochote kilicho karibu zaidi ya hapo kitolewe kwenye picha. Mlango wa jengo lenu, ngazi, baraza wanapokaa wazee jioni na kamba za nguo vyote huwa ndani ya umbali huo. Ukiwa ghorofa ya nne au ya tano unaweza kuinua kamera kidogo ili sehemu ya chini isionekane kabisa. Isipowezekana, tumia ufutaji wa eneo: kamera nyingi za IP (zinazounganishwa moja kwa moja na mtandao) zina kipengele cha kuchora pande nne nyeusi juu ya sehemu usiyotaka ionekane, na weusi huo unawekwa ndani ya kamera yenyewe kabla picha haijatoka. Funika hivyo hivyo madirisha na vibaraza vya jengo la pili. Mwanamke aliyetoka kibarazani kuanua nguo bila mtandio yuko nyumbani kwake, na sitara yake ni wajibu wako, hata kama ni nukta tano tu kwenye kioo cha simu ya mtu. Mlango wa msikiti nao nauziba daima.

Hata hivyo hesabu haimalizi yote. Muuza chipsi anajulikana kwa mahali pa meza yake, na jirani atamjua jirani kwa mwendo tu. Hawa ni wachache na wanafikika: shuka chini ukawaambie, uwaonyeshe picha kwenye simu. Asiyetaka, kona yake ifunikwe.

Ruhusa

Zungumza na wenye nyumba, majirani wa ngazi moja na sheha wa shehia. Sheha akijua mapema, siku mtu akija kulalamika atakuwa na la kumjibu. Kama jengo liko chini ya Shirika la Nyumba, usitoboe ukuta wa nje bila kibali. Ndani ya Mji Mkongwe ni zaidi: eneo hilo limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na kubandika kitu kwenye kuta za nje kunapitia Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia. Kenya ina yake ya mwaka 2019. Picha ambayo haimtambulishi mtu inakupunguzia mzigo mkubwa kisheria, na hiyo ni sababu nyingine ya kuiheshimu hesabu ya pikseli. Kuhusu kurusha kwa umma, zipo Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020: waandikie TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), eleza unachotaka kurusha, uliza kama kinahitaji leseni, na ulitunze jibu lao. Usielekeze kamera kwenye kambi, kituo cha polisi, bandari wala makazi ya viongozi.

Kuchagua dirisha

Zanzibar iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na hili linasaidia. Jua la adhuhuri haliteremki chini ya nyuzi 60 mwaka mzima, kwa hiyo kamera iliyoinamishwa kidogo haikutani nalo mchana. Tatizo ni machweo na mawio. Jua huzama ndani ya nyuzi 24 hivi upande huu au ule wa magharibi kamili, kutegemea mwezi, na kuchomoza ni vivyo hivyo mashariki. Kamera ya nyuzi 90 inayotazama kaskazini au kusini haitaliona jua likiwa chini hata siku moja. Inayotazama magharibi italipata usoni kila jioni, picha itaungua weupe saa ile ile uwanja unapopendeza. Ukiwa na madirisha mawili, chagua la kaskazini: mvua za kusi hupiga zaidi kutoka upande wa kusini.

Ndani ya kioo au nje? Mimi nasema ndani, kama kioo ni kizima na safi. Chumvi ya bahari hula skrubu na viungio hata kilomita moja kutoka pwani, na kamera ya ndani haiibiwi, haitoboi ukuta wala haiombi kibali. Sharti lake ni kuisogeza lenzi mpaka karibu iguse kioo, na kuizungushia kitambaa cheusi au kadibodi nyeusi ili taa ya sebuleni isijitokeze kwenye picha. Zima kabisa taa za infraredi za kamera. Nyuma ya kioo zinaakisi na kukupa ukungu mweupe, na nje huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui, na baada ya siku chache utando umetanda mbele ya lenzi. Uwanja una taa za barabarani, zinatosha.

Penye luva hakuna njia ila nje. Nunua kamera yenye kiwango cha kuzuia vumbi na maji cha IP66 au zaidi, skrubu za chuma cha pua cha daraja la 316, na kiungio cha kebo ukifunge ndani ya kisanduku kisichoingiza maji, kebo ikiwa imening'inia kwa kujipinda chini ili tone lidondoke kabla ya kufika kwenye kiungio.

Vifaa

Kamera ya IP inayotoa RTSP (njia ya kupitisha video mtandaoni) na H.264 (namna ya kuibana video). Iwe inapokea umeme kwenye kebo ya mtandao, yaani PoE, maana kebo moja tu itapita dirishani, na inafika hadi mita 100. Swichi ndogo ya PoE. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 4, au kompyuta mpakato ya zamani isiyo na kazi. Ruta. Basi.

Simu ya zamani inafaa kwa majaribio ya siku chache ili uone kama dirisha linakufaa. Usiiache iwe ndiyo kamera ya kudumu: kuchajiwa mfululizo kwenye joto la dirishani huivimbisha betri, na betri iliyovimba ni moto unaosubiri pazia.

Intaneti: hapa ndipo wengi hukwama

Hesabu kabla ya kulipia. Matangazo ya megabiti 2.5 kwa sekunde, yanayotosha 720p, yanakula gigabaiti 27 kwa siku, yaani 810 kwa mwezi. Megabiti 4 zinapita terabaiti moja kwa mwezi. Hakuna kifurushi cha kawaida cha simu kitakachobeba hayo, na vifurushi vya nyumbani vinavyoitwa visivyo na kikomo mara nyingi vina kikomo kwenye maandishi madogo, kisha kasi inashushwa. Soma kwanza. Unachohitaji ni faiba, na kasi ya kuitazama ni ya kupandisha, maana ya kushusha haikusaidii hapa. Ipime saa 2 usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Iwe angalau mara mbili ya kiwango utakachorusha, la sivyo watoto wakianza kupakia video zao picha itakatikakatika.

Asiye na faiba ana njia nyingine, nami naithamini: picha moja kila dakika. Picha ya kilobaiti 200 mara 1,440 kwa siku ni megabaiti 288, chini ya gigabaiti 9 kwa mwezi. Anayetaka kujua hali ya hewa au msongamano hakosi kitu, na mpita njia yuko salama zaidi. Kamera ya kwanza kabisa ya aina hii, iliyowashwa Cambridge mwaka 1991, ilionyesha birika la kahawa kwa picha za nyeusi na nyeupe za pikseli 128 kwa 128; iliingia kwenye wavuti 1993 na ikatazamwa na dunia mpaka ilipozimwa 22 Agosti 2001.

Kuipanga kamera

Kabla ya kitu kingine badilisha nywila iliyokuja nayo kiwandani. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta kwa maelfu, kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, na kikazitumia kushambulia mitandao. Zima UPnP (inayoviruhusu vifaa kujifungulia milango ya ruta vyenyewe) kwenye ruta, usifungue mlango wowote kutoka nje, na kama ruta inaruhusu izuie kamera isitoke mtandaoni yenyewe. Kompyuta ndogo peke yake ndiyo izungumze na nje.

Kisha weka: H.264, si H.265, 1280 kwa 720, fremu 15 kwa sekunde, kiwango kisichobadilika cha kilobiti 2,500 kwa sekunde, fremu kuu (I-frame) kila baada ya fremu 30, yaani kila sekunde mbili, kwa sababu YouTube inataka isizidi nne. Zima maikrofoni. Saa na jina la uwanja viandikwe na kamera yenyewe kwenye kona, na andika kwamba ni saa za Afrika Mashariki, maana Muscat wako saa moja mbele. Lenga lenzi mchana, kisha rudi usiku ukague tena. Lenzi nyingi za bei ya chini hupoteza makali kidogo giza likiingia.

Kuzima maikrofoni si jambo dogo. Sauti ya uwanja ina maongezi ya watu, tena ina nyimbo kutoka kwenye daladala na maduka, na YouTube inazitambua nyimbo hizo na inaweza kuyakata matangazo kwa haki miliki.

Kurusha

Kwenye YouTube thibitisha chaneli kwa namba ya simu. Ukiwasha matangazo mubashara kwa mara ya kwanza subiri hadi saa 24. Utapewa ufunguo wa matangazo. Huo ni siri: aliye nao anaweza kurusha chochote kwa jina lako.

YouTube haipokei vizuri picha isiyo na njia ya sauti, kwa hiyo unaipa sauti ya kimya. Kwenye Raspberry Pi sakinisha ffmpeg, programu ya kusindika na kurusha video, kisha andika faili hili liitwe uwanja.sh, ukibadilisha anwani ya kamera, njia ya RTSP iliyo kwenye kijitabu chake, nywila na ufunguo:

```
#!/bin/bash
exec ffmpeg -rtsp_transport tcp \
 -i "rtsp://mtumiaji:nywila@192.168.1.50/stream1" \
 -f lavfi -i anullsrc=r=44100:cl=stereo \
 -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a aac -b:a 64k \
 -f flv "rtmp://a.rtmp.youtube.com/live2/UFUNGUO-WAKO"
```

Neno `copy` linaiambia programu ipitishe picha kama ilivyotoka kwenye kamera bila kuisindika upya, ndiyo maana hata kompyuta ndogo haipati joto. Lipe faili ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`, lijaribu kwa mkono, na likikubali litengenezee huduma katika /etc/systemd/system/uwanja.service:

```
[Unit]
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
User=pi
ExecStart=/home/pi/uwanja.sh
Restart=always
RestartSec=15
RuntimeMaxSec=6h

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Amri ya `sudo systemctl enable --now uwanja` inaiwasha sasa na kila umeme ukirudi. Mstari wa `RuntimeMaxSec` unaikata na kuianzisha upya kila baada ya saa sita hata ikiganda kimya bila kufa, hali inayotokea mtandao unapoyumba. `User` iwe jina lako la mtumiaji, na folda ilingane nalo.

Kwenye mipangilio ya YouTube zima kipengele kinachofunga matangazo chenyewe mawimbi yanapokatika, ili dakika mbili za giza zisibadilishe kiungo ulichowapa watu. Zima pia uwezo wa mtazamaji kurudisha nyuma. Matangazo yanayopita saa 12 YouTube haiyahifadhi yenyewe, na hilo tunalipenda: kilichopita uwanjani kimepita. Wala usirekodi kwenye kompyuta yako. Mwisho, funga mazungumzo ya watazamaji kama huna mtu wa kuyasimamia. Picha inaweza kumsitiri mtu vizuri, kisha akatokea mmoja akaandika "yule mwenye vespa nyekundu ni mume wa fulani", na kazi yote ya pikseli ikapotea.

Umeme

Kamera, kompyuta ndogo, swichi na ruta ya faiba kwa pamoja hutumia wati 25 hivi. Ni yuniti 18 za TUKUZA, umeme wa kulipia kabla wa Zanzibar, kwa mwezi. Unguja inapata umeme wake kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na aliyekuwepo kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 anakumbuka maana yake: kisiwa kilikaa gizani miezi mitatu. Kwa katizo za kawaida, UPS ndogo yenye betri ya volti 12 na Ah 9 hukupa saa mbili hivi. Betri ya Ah 100, ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, hukupa takriban saa 20 kupitia inveta. Ruta ya faiba iunganishwe kwenye betri hiyo hiyo; wengi huisahau, kamera ikabaki inawaka bila njia ya kutoka. Kama kamera iko nje, weka kinga ya radi kwenye kebo ya mtandao na ya umeme, na masika yakichachamaa chomoa.

Kuitunza

Futa kioo kila wiki kwa maji yasiyo na chumvi na kitambaa laini, na mara mbili wakati wa kaskazi kwa vumbi. Panga kamera ijiwashe upya mara moja kwa wiki, saa 9 usiku. Kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi huchoka kwa kuandikwaandikwa, basi kuwa na ya akiba iliyonakiliwa kila kitu. Fungua matangazo yako kwa simu ya data kila asubuhi kama mtazamaji mwingine yeyote. Ukitumia intaneti ya nyumbani hutagundua mengi wanayoyaona wao. Na kila baada ya kusafisha au upepo mkali, hakiki kama sehemu nyeusi bado zimefunika palipokusudiwa. Kamera ikisogea kidogo, dirisha la jirani linajitokeza.

Weka swichi ya kuzimia mahali ambapo kila mkubwa wa nyumba anapajua. Ajali ikitokea uwanjani, zima kwanza, ndipo utazame kulikoni. Ndugu wa aliyeumia wasipate habari kwa kamera yako. Kukiwa na vurugu au mkusanyiko ambao picha yake inaweza kumdhuru mtu, zima pia. Chini ya matangazo andika namba au anwani ya kukufikia, kwa maneno haya au yanayofanana: "Kamera hii haina sauti wala hairekodi. Ukiona kitu kinachokugusa, tuandikie, tutakifunika." Mtu akiandika, funika siku hiyo hiyo, kisha mjulishe.